Kabureta Mbili au Tatu

Fundi akikuuliza kama wataka kipuri kilicho sahihi, utajibu mara moja kuwa ndicho utakacho. Walakini jibu hilo jepesi lina fumbo ndani yake, kwa maana kitu hakiwi sahihi peke yake. Huwa sahihi kwa kulinganishwa na kitu kingine, na watu wawili waaminifu waweza kukilinganisha na vipimo viwili wasikutane kamwe. Nimependa kulitazama jambo hili katika mfano wa chombo, wala si katika mifano ya juu tuliyoizoea, kwa sababu chuma hakimwonei mtu haya.

Mfano wenyewe ni motokaa ya mbio iitwayo Jaguar E-Type, iliyoundwa Coventry, Uingereza, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Geneva mwezi Machi 1961. Injini yake ya silinda sita ilinyweshwa petroli na kabureta tatu za SU, kila moja yenye koo la inchi 2, na kiwanda kilitangaza kuwa ina nguvu za farasi 265. Lakini zile zilizoundwa kwa soko la Marekani kwa mwaka 1968 na baadaye zilipewa kabureta mbili tu za Stromberg, na nguvu zilizotangazwa zikashuka mpaka 246. Za Uingereza ziliendelea na tatu zao. Basi mtu wa California aliye na E-Type ya 1969, ambaye kabureta zake mbili zimechakaa hata injini inatetemeka kama mwenye homa, anunue nini? Wapenzi wengi wa motokaa hizo humshauri aziondoe mbili afunge tatu. Wengine humshauri atafute mbili za namna ile ile. Pande zote mbili husema kuwa ushauri wao ndio sahihi.

Kabureta ni mahali ambapo hewa na petroli huchanganyika kabla ya kuingia motoni. Katika kabureta ya SU mvuto wa injini huinua pistoni. Pistoni huinuka pamoja na sindano iliyochongoka, na kadiri sindano inavyotoka katika tundu lake ndivyo petroli nyingi zaidi inavyopita. Unene wa sindano hiyo, upimwao kwa sehemu za elfu za inchi, ndio uamuao kama injini itashiba, itaona njaa au itavimbiwa. Stromberg ni ndugu yake: ina pistoni na sindano vile vile, ila pistoni yake hushikwa na kiwambo cha mpira, na hicho kikipasuka injini hulegea. Kwa hiyo ubishi wetu hauko baina ya kitu kizuri na kibaya. Kama usahihi ungekuwa ni kwenda tu, maneno yangekwisha hapa.

Wenye kutetea tatu wana hoja isiyostahili kudharauliwa. Husema kuwa waliobuni motokaa hii waliiwaza ikiwa na kabureta tatu, na kwamba mbili zililetwa na shuruti za kutoka nje; kuzifunga tatu, basi, ni kuirudishia motokaa nafsi yake. Nakiri kuwa hoja hii ilinishika kwa muda. Lakini E-Type iliyoundwa kwa Marekani mwaka 1969 haikutoka kiwandani na kabureta tatu, na huwezi kumrudishia mtu kitu ambacho hakupata kuwa nacho. Kinachorudishwa ni sura ya dada yake mkubwa, na mwenye motokaa ameamua kuwa dada ndiye mwana, huyu ni wa kambo. Fundi wa jahazi abadilishaye ubao uliooza kwa ubao mwingine huliacha jahazi lile lile. Akiongeza mlingoti, ametengeneza jahazi jingine, pengine lililo bora, wala hapana kosa, ila asiseme amebadili ubao.

Na shuruti hizo za kutoka nje zilikuwa nini? Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la mafundi peke yao. Mji wa Los Angeles ulikuwa umekaa miaka mingi chini ya ukungu mchafu uliochoma macho na vifua vya watu. Mapema katika miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kuwa ukungu ule hufanyika jua linapopiga mivuke na gesi zitokazo katika motokaa na katika viwanda vya kusafishia mafuta. Mwaka 1965 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia uchafu wa motokaa, na vipimo vyake vikaanza kuzishika motokaa za mwaka 1968. Kabureta mbili za Stromberg, zilizorekebishwa zisimwage petroli kupita kiasi, zilikuwa sehemu ya jibu la Coventry. Kile kiitwacho upungufu katika motokaa ile, basi, ni alama ya deni: dereva alipunguziwa nguvu za farasi 19 ili jirani asiyemjua avute pumzi. Yamkini waliozifunga walinung'unika. Lakini deni hulipika hata kwa uso uliokunjwa.

Leo California haidai motokaa za mwaka 1975 na za kabla ya hapo zipelekwe kupimwa moshi. Mwenye E-Type aweza kusema kuwa motokaa yake hutoka Jumapili tu, na madhara yake hayapimiki katika anga pana kama ile. Hesabu itamuunga mkono, nami simwoni kuwa mwovu. Ninachokataa ni neno lake. Akisema amefunga tatu kwa sababu azipenda na mngurumo wake humfurahisha, huyo ni mkweli, nami nitampa mkono. Akisema amefunga zilizo sahihi, amewafuta watu wa Los Angeles katika historia ya motokaa yake, kana kwamba vifua vyao vilikuwa kosa la kiwanda.

Kuna jaribu jingine, dogo kwa umbo. Juu ya kabureta ya SU hufungwa kibati chenye namba, kitambulishacho kazi ambayo kabureta ile iliandaliwa. Hushikwa na skrubu moja tu. Vibati hupotea, na vipya hupatikana. Katika maonyesho ya vyama vya wenye Jaguar huko Marekani waamuzi hukagua kama vipuri ni vya asili, na kisicho cha asili hupunguza maksi. Mtu aliyepoteza kibati akafunga kingine cha namba ile ile, na mtu aliyefunga kibati hicho juu ya kabureta ya motokaa nyingine ili apate bei kubwa, wamekaza skrubu moja kwa bisibisi moja. Kibati hakina ulimi. Aliyesema uongo ni yule wa pili, naye hakufungua kinywa.

Ningekuwa na motokaa hiyo (sina, wala mshahara wa mwalimu hauelekei huko) ningezitengeneza zile mbili: viwambo vipya, sindano mpya, mihimili mipya mahali ilipolika. Na kama moyo ungenishinda nikafunga tatu, mbili ningeziweka katika sanduku kavu pamoja na karatasi inayotaja siku niliyozitoa na sababu yake. Siku ya kuuza, mnunuzi angekabidhiwa ufunguo na sanduku pamoja, kabla hajahesabu fedha zake.