Maji Kwanza, Marashi Baadaye

 

Ndugu zangu katika imani, pua ni shahidi mwepesi wa kuhongwa. Kanzu iliyofukizwa udi tunaihukumu kuwa safi kabla hatujaitazama. Aliyetoka kubeba magunia akasimama safuni na jasho lake, tunamkunjia uso. Ilhali jasho la mtu ni tohara, na kanzu iliyoingiwa na tone la mkojo haisaliwi hata ukiifukiza chetezo kizima, mpaka ioshwe.

Wanazuoni wetu wa Kishafii wamelipima jambo hili. Maji mengi yakinuka kwa sababu ya najisi, kisha harufu ikaondoka yenyewe au kwa kuongezwa maji, yametoharika. Ikiondoka kwa kutiwa miski, Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj anasema hayajatoharika, kwani huenda miski imeifunika tu. Nguo nayo ikishafuliwa barabara, na harufu ya najisi ikang'ang'ania, husamehewa.

Tazameni vyoo vya misikiti yetu. Dawa ya kunukia imemwagwa, tunavuta pumzi na kuridhika. Huku chini maji machafu yametuama kizingitini, na kandambili zinayaburura hadi ukingoni mwa zulia tunaloliwekea paji la uso.

Asiseme mtu kwamba nadharau manukato. Ni sunna ya siku hii ya Ijumaa. Na kumkera jirani kwa harufu si jambo dogo: aliyekula kitunguu saumu kibichi aliambiwa ajitenge na msikiti, kwa kuwa malaika huudhika na yanayowaudhi wanadamu. Lakini angalieni utaratibu. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa watu wa Awali, nje kidogo ya Madina, walikuja Ijumaa na vumbi na jasho. Mtume (s.a.w.) hakuwafukuza, aliwahimiza wajisafishe kwa ajili ya siku hiyo.

Basi tuoge, tufue kanzu na soksi, tuhakikishe tohara, ndipo tujipake marashi. Nawe mwenye duka au kiwanda, mwachie kijana wako nafasi ya kuoga kabla ya adhana ya Ijumaa. Ukimfungulia saa ya hotuba, usimlaumu kwa jasho alilolitoa kazini kwako.