Hukumu Pasipo Mashitaka

Katika mambo yaliyowashughulisha watu wa dini na wa hekima tangu zama za kale ni hili: je, mwenye mamlaka aweza kumwadhibu mtu asimwambie kosa lake, naye akabaki mwadilifu?

Ngũgĩ wa Thiong'o, mwana wa Limuru na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ mchezo wa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaoa Nitakapo, ukaigizwa mwaka 1977 na wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ katika uwanja walioujenga kwa mikono yao wenyewe. Mchezo wahusu Kĩgũũnda, kibarua aliyetundika ukutani hati ya ekari yake moja na nusu, na tajiri Kĩoi, mshika dini, ambaye nasaha zake za ndoa ya kanisani zamwingiza yule maskini katika mkopo wa benki hata ardhi ikamtoka. Sisi wa Riruta Satellite hapa Nairobi, ambao aghalabu tu wapangaji, na ambao jirani zetu huondoka alfajiri kwa miguu kwenda kutafuta vibarua katika mtaa wa matajiri wa Lavington, hatuhitaji kufasiriwa thamani ya karatasi ile.

Lakini la kuzingatiwa ni kwamba Kĩoi, pamoja na dhuluma yake yote, alipewa nafasi ya kusema: alihubiri, akatoa hoja zake, watazamaji wakamsikiliza ndipo wakamhukumu. Ngũgĩ wa Thiong'o hakupewa insafu hiyo. Ruhusa ya mchezo ilifutwa Novemba. Mwisho wa Desemba akachukuliwa nyumbani kwake usiku, akafungwa katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima pasipo mashitaka wala hakimu, na humo akaandika riwaya kwenye karatasi za chooni. Alipoachiliwa hakurudishiwa kazi yake. Na mwaka 1982 uwanja wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa, naye Ngũgĩ akaanza kuishi uhamishoni. Mwaka huo huo Alamin Mazrui, mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, alitiwa kizuizini vivyo hivyo.

Yasemwa kwamba serikali yawajibika kuilinda amani dhidi ya fitina. Naam, na kama ilikuwa fitina, mahakama zilikuwapo. Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani, alimwuliza Adamu kabla ya kumtoa bustanini; basi mja aonaye hana haja ya kuuliza amejipa daraja ambayo Muumba wake hakuitumia, na huko si kutawala bali ni kukufuru.

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani mwezi wa Mei 2025, na shitaka juu ya mchezo ule halijasomwa hata leo.