Aliyeiendea Chemchemi

Somo: 2 Wafalme 2:19–22

Watu wa Yeriko walipomwendea Elisha hawakuanza kwa kulia. Kwanza walimwonyesha kwamba mji wao umekaa mahali pazuri. Ndipo wakataja kinachowatesa: maji ni mabaya, na nchi inaharibu mimba.

Sisi wa machimbo ya Rwamgasa tunaweza kusema vivyo hivyo. Dhahabu imesomesha watoto, imeezeka nyumba kwa bati, imejaza sadaka. Lakini zebaki tunayokamatia dhahabu hiyo kwenye karai huchomwa jioni jikoni, pale pale pa kupikia ugali, mama akiwa na mtoto mgongoni. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, hufika kwenye ubongo, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Mwaka 2003 watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walipima damu, mkojo na nywele za watu wa hapa, wakakuta dalili za sumu ya zebaki kwa baadhi ya wachomaji. Na zebaki inayobaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, mvua huisukuma hadi mitoni, hatimaye ikawaingia samaki.

Elisha hakupita nyumba kwa nyumba akitakasa mitungi. Aliagiza chombo kipya chenye chumvi, akaiendea chemchemi yenyewe. Uponyaji ulitoka kwa Bwana. Chombo kililetwa na wenyeji.

Chombo kwetu kipo. Ritoti ni chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba: mvuke hupita bombani, hupoa, hurudi kuwa zebaki ya kutumia tena. Tena Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unadai kukomeshwa kwa uchomaji wa wazi na uchomaji kwenye makazi ya watu.

Kwa nini basi bado tunachomea jikoni? Naomba tusimhukumu haraka mchimbaji mdogo. Wengi wanaijua hatari. Wanachoogopa ni macho ya watu: ukichomea mwaloni, pale tunapooshea dhahabu, kila mtu anaona umepata kiasi gani, na usiku wezi wanajua mlango wa kugonga. Kwa hiyo mtu hujifungia ndani na dhahabu yake, na moshi wake, na wanawe. Naamini chemchemi yetu iliyoharibika ni hiyo, hofu ya jirani kwa jirani. Ritoti ikiletwa mahali penye hofu hiyo itaishia kushika kutu chini ya kitanda.

Na hapo kanisa lina kazi ambayo ofisi ya madini haiwezi kutufanyia. Wazee wa kanisa, wenye mialo na akina mama wa jumuiya wakae pamoja, wachague banda moja mbali na nyumba, waweke ritoti, wakubaliane nani analinda na nani anashika ufunguo. Wamchague mtu ambaye hata asiyesali kwetu atathubutu kumwachia kidonge chake cha dhahabu.