Usitamani: Amri Hii Inamwambia Nani?

Baada ya somo letu la Kutoka 20:17 niliulizwa swali ambalo sikutaka kulijibu mlangoni kwa haraka. Swali ni hili: sisi wa Kericho tukiyatazama yale mashamba makubwa ya chai tukasema "hapa palikuwa kwa babu zetu", tunavunja amri ya kumi? Maana wako wanaotuambia hivyo: mtu wa Mungu atosheke na alicho nacho, aache kutamani cha wengine.

Kutosheka ni neno zuri. Lakini hebu tuangalie Biblia inamwonyesha nani akitamani.

Katika 1 Wafalme 21 anayetamani ni mfalme. Ahabu ana ikulu, ana mashamba, lakini macho yake yako kwa shamba la mizabibu la Nabothi, kwa sababu liko karibu na kwake. Na anaanza vizuri tu! Anampa Nabothi nafasi ya kuchagua: shamba lingine bora zaidi, ama pesa. Mimi nilisomea biashara, na nikiisoma ofa hiyo kwa macho ya darasani naona ni ofa safi. Tulifundishwa kwamba kila kitu kina bei, ni kuelewana tu. Nabothi anasema hapana, huu ni urithi wa baba zangu. Basi mfalme mzima anaenda kulala, anageukia ukuta, anakataa chakula.

Kinachofuata ndicho naomba tukisome polepole. Yezebeli hakutuma watu na panga. Aliandika barua. Akatumia jina la mfalme, akapiga muhuri, zikapelekwa kwa wazee wa mji. Kukatangazwa mfunga, kukaletwa mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe. Ukitazama karatasi peke yake, kila kitu kilifuata utaratibu.

Sasa rudi hapa kwetu. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 iliruhusu walowezi kukodisha ardhi kwa miaka 999. Hesabu hiyo hata Methusela asingeimaliza. Wakipsigis waliondolewa kwenye ardhi yao ya juu, na miaka ya 1920 kampuni za chai zikaanza kupanda. Ukoo wa Talai, kwa sheria iliyotungwa 1934, ulihamishwa kwa nguvu mpaka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Barua zilikuwepo, muhuri ulikuwepo. Katiba ya 2010 imepunguza ile miaka 999 ikawa 99 kwa asiye raia, na madai ya wazee yamefika mpaka kwa wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa. Mengine tuwaachie mawakili.

Jibu langu basi ni hili: kudai ulichonyang'anywa si kutamani. Kama Nabothi angeponea na kurudi kudai shamba lake, hakuna nabii angemwambia "usitamani". Eliya alitumwa kwa Ahabu. Mika 2 pia inawasema watu wanaopanga mabaya wakiwa kitandani, na kukipambazuka wanayatenda kwa sababu uwezo uko mikononi mwao. Wanatamani mashamba, wanayachukua. Amri hii inamwambia kila mtu, lakini mwenye uwezo inamhusu zaidi, kwa sababu tamaa yake ina kalamu. (Kumtakia jirani mwenye chai nyingi apate bonasi mbaya ni wivu, na huo hauhitaji uwezo wowote. Tutauongelea siku nyingine.)

Najua mpaka hapa mmesema amina, kwa sababu Ahabu ni mzungu wa zamani. Sasa tuingie nyumbani.

Mzee akifariki, kabla ya kwenda kortini kwa mambo ya urithi, familia inaenda kwa chifu kuchukua barua inayotaja warithi. Ndugu wanakaa, wanaandika majina. Wavulana wanne. Na dada? "Huyo aliolewa Bomet, ana kwake." Jina lake halionekani. Mjane wa ndugu yetu aliyetangulia? "Atapewa mahali pa kulima mboga." Sheria ya Kenya inataka watoto wote waandikwe, wa kiume na wa kike, walioolewa na ambao hawajaolewa. Lakini barua imeandikwa, muhuri umepigwa, na kama kuna mashahidi wawili, ni majirani waliokunywa chai yetu. Na hao ndugu ndio utawasikia wakilia kuhusu ardhi ya mwaka wa 1920!

Ekari mbili za majani chai zina mapato ya kila mwezi na bonasi ya mwaka. Naelewa kwa nini zinatamanisha. Lakini tuseme ukweli: hatumwibii dada usiku. Tunamwandikia barua.

Halafu dada akiuliza sehemu yake, nani anaambiwa ana tamaa? Yeye. Wengine wanamletea hata aya. Someni Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na wakuu wote, wakaomba urithi wa baba yao. Musa hakuwakemea kwa amri ya kumi, na alikuwa nayo. Alilipeleka jambo lao mbele za Bwana, na Bwana akasema wako sawa, wapewe.

Siku hizi familia ikiniita niombe nao kabla hawajaenda kwa chifu, naomba kwanza nione orodha ya majina. Wengine wananionyesha bila shida. Wengine wanasema, "Pasta, tutakuita wiki ijayo."