Kidole Gumba cha Mpakani

Ukishuka kwenye matatu mjini Busia ukaanza kutembea kuelekea geti la Uganda, hutafika bila kuitwa. "Mzee, una ya Uganda?" Wabadilishaji pesa wamesimama kando ya barabara, bulungutu la noti mkononi, jicho moja kwa mteja na jingine kwa watu wanaopita. Mmoja wao ni jirani yangu. Jina lake ameniomba nilifiche. Kisa chenyewe ameniomba nisikifiche.

Amesimama pale kwa miaka ishirini hivi, na kazi hiyo ameifanya kwa kidole gumba. Noti bandia huitambua kwa kuipapasa, hata stima zikipotea. Sheria zake ni chache. Hatoi ya Kenya kabla hajashika ya Uganda. Huhesabu mara mbili, kisha humtaka mteja naye ahesabu palepale, kwa sababu akishaondoka hakuna kesi tena. Na mteja akimharakisha, ndipo yeye hupunguza mwendo. Mpakani, huniambia, mwenye haraka ndiye mwenye mpango.

Huyu ndiye mtu aliyelipia nyumba ya likizo isiyokuwapo.

Mambo yalianza na watoto. Ziwa wanalijua, Sio Port na Port Victoria ziko kaunti hii hii yetu, na samaki wa huko huliwa nyumbani kila wiki. Walichotaka ni bahari. Mama yake mzee naye, aliyezaliwa Samia na kuzeekea huko, akasema angependa kuonja maji ya chumvi kabla hajafa. Baba akaahidi: Desemba twende Diani, wiki nzima, tukodi nyumba tujipikie wenyewe, maana hoteli kwa watu sita itatumaliza.

Jioni moja, kwenye simu, akaiona. Vyumba vinne, minazi, kidimbwi cha kuogelea, mchanga mweupe unaanzia mlangoni. Bei ilikuwa elfu nane kwa usiku, na nyumba nyingine za ukubwa ule alizokuwa ameziona zilikaribia mara mbili ya hapo. Akapiga simu. Aliyepokea alikuwa na Kiswahili cha pwani, laini kama tui la kwanza. Sisi wa huku, ambao Kiswahili chetu kina mawe ndani, tukisikia mtu anayezungumza vile tunaona tayari ametukaribisha kwake. "Nyumba ni yenu, ndugu yangu," akasema. "Ila kuna familia mbili zinaitaka tarehe hizo hizo. Nitumie nusu leo, nikuwekee."

Nusu ilikuwa shilingi 28,000.

Akaingiza nambari kwenye M-Pesa. Kabla pesa hazijatoka, simu ikamwonyesha jina la mpokeaji, nalo lilikuwa jina la mwanamke asiyemjua. Akasita. Akapiga tena kuuliza. "Hiyo ni laini ya mama watoto," yule akajibu. "Yangu imefika kikomo cha siku." Jibu hilo ndilo lililomwingiza. Mbadilishaji pesa hufika kikomo cha siku mara nyingi, hasa Desemba; alisikia udhuru aliouzoea, kutoka kwa mtu aliyemwona kama wa kazi moja naye. Akabonyeza.

Mkewe alikuwa jikoni. Aliuliza swali moja tu: "Baba watoto, kuna mtu unayemjua aliyeiona hiyo nyumba kwa macho?" Akajibiwa kwamba picha ziko nyingi, zaidi ya ishirini. Siku tatu baadaye zikaombwa elfu kumi nyingine, amana ya vyombo vikivunjika, zitarudishwa siku ya kuondoka. Zikaenda.

Safari sitaisimulia yote. Usiku mzima kwenye basi hadi Nairobi, wakibadilishana kumpakata mdogo. Treni kutoka Syokimau, ambayo watoto waliifurahia kuliko kitu chochote. Miritini, matatu, kisha kivuko cha Likoni, ambako wa miguu hawalipi; ndicho kitu pekee ambacho hawakukilipia safari ile. Ukunda wakapanda tuktuk mbili. Wakafika kwenye geti jioni, mizigo chini, nyanya amekalia sanduku.

Nyumba ilikuwapo. Minazi ilikuwapo. Mlinzi akaitazama picha kwenye simu, akatikisa kichwa. "Ndiyo hii. Lakini haikodishwi, wenyewe wanakaa humu." Kisha akamgeukia nyanya: "Pole, mamangu. Nyinyi ni wa tatu wiki hii."

Simu ya yule bwana ilikuwa imezimwa.

Walilala gesti Ukunda, usiku mbili, watu sita vyumba viwili, kisha wakarudi nyumbani. Asubuhi ya katikati walishuka ufukweni. Nyanya akachovya kidole, akakilamba, akasema kumbe ni kweli. Mwanawe anasema hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Sasa tuliangalie jambo lenyewe, tusiishie kwenye pole.

Wengi wakisikia kisa hiki husema jirani yangu alikuwa mjinga au mwenye tamaa. Si kweli. Ni mtu mwangalifu kuliko mimi. Kosa lake ni kwamba uangalifu aliuacha kazini. Pale getini kila sheria yake ilikuwa kinga: asitoe kabla ya kushika, ahesabu mara mbili, amwogope mwenye haraka. Zote tatu alizivunja akiwa kwenye kochi lake, kwa sababu hakujiona yuko sokoni. Alijiona yuko likizoni tayari. Furaha hulegeza mkono, na tapeli wa nyumba haibi pesa kwanza. Huiba ule wasiwasi wa kazini, kisha pesa humfuata zenyewe. Yeye mwenyewe aliniambia: "Noti naipapasa kwa kidole gumba. Picha niliibonyeza kwa kidole hicho hicho, sikupapasa kitu."

Basi picha hupapaswaje?

La kwanza, swali la mkewe. Atafutwe mtu wa kuiona nyumba kwa macho. Nasi wa Busia na Malaba hatuna kisingizio. Barabara ya Ushoroba wa Kaskazini inaanzia bandarini Mombasa na kuvukia mpaka hapa kwetu. Malori yanayopanga foleni Malaba, wakati mwingine kwa kilomita nyingi, yametoka huko. Madereva wanakunywa chai kwenye vibanda vyetu, na wengi wana jamaa Likoni, Ukunda na Kilifi. Jirani yangu huwabadilishia pesa kila siku. Lau angemwomba mmoja amtume binamu yake hadi geti lile, nauli ya bodaboda ingemwokolea 38,000.

La pili, kama hakuna wa kutumwa, omba simu ya video ya papo hapo. Mwenye nyumba atoke nayo, aonyeshe geti, barabara, duka la jirani, kisha arudi ndani akuonyeshe jiko. Picha ishirini zinaweza kuibwa kwenye tangazo la mtu mwingine kwa dakika moja. Matembezi hayaibiki kirahisi hivyo.

La tatu, uliza kibali. Kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, biashara ya kulaza wageni husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na nyumba za likizo zimo. Mwenye biashara halali hatakasirika ukimwuliza, anayekasirika amekujibu.

La nne, jina linalotokea kabla ya pesa kuondoka si pambo. Likitofautiana na la mtu unayezungumza naye, simama hapo hapo, hata udhuru uwe mtamu vipi. Tena afadhali kulipa kupitia mtandao wa kukodisha unaozuia pesa. Airbnb, kwa mfano, huziachilia kwa mwenye nyumba saa 24 hivi baada ya muda wa mgeni kuingia. Ndiyo maana tapeli hukusihi "tumalizane nje, tuepuke makato". Makato hayo ndiyo kufuli yako. Na pasipo mtandao, salio lilipwe ukishashika ufunguo.

La tano, ukigundua umeibiwa, usikae. Tuma ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwa nambari 456 uombe pesa zirudishwe. Zikiwa hazijatolewa, kuna nafasi. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe, ukiwa na nambari, ujumbe na picha zote. Jirani yangu hakufanya hata moja kati ya hayo. Aliona aibu. Mtu anayejulikana mpakani kote kwa kutambua noti bandia ataanzaje kumweleza askari kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia?

Aibu hiyo ina gharama yake. Familia mbili zilifika kwenye geti lile kabla yao wiki hiyo, na pengine nazo zilirudi kimya. Kama moja tu ingepiga kelele, nyanya asingekalia sanduku barabarani jioni ile. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mficha hasara humzalia tapeli mteja mwingine.

Ilimchukua mpaka Pasaka kukubali kunisimulia. Siku hizi akisikia mteja anapanga kwenda pwani, humhesabia pesa zake mara mbili kama kawaida, kisha humzuia kidogo amwulize lile swali la mkewe. Mwaka huu wanaweka akiba tena. Dereva mmoja wa lori ameshaahidi kwenda kuitazama nyumba kabla shilingi moja haijatoka, na anayeshika simu ya malipo safari hii ni Mama watoto.

Nawe unayepanga Desemba yako, kabla hujabonyeza, uliza: nani ameiona kwa macho?