Mgomo wa Gari, na Boda Niliyoipanda Mtambile



Vijana wenzangu, kisa hiki nilishakipeleka kwenye kitubio. Dhambi imeondolewa, swali limebaki.

Likizo ya Desemba nilikuwa Mtambile, Pemba, kwa kaka yangu anayefundisha huko. Siku ya kuondoka nilifika njia panda alfajiri, niwahi boti ya Unguja bandarini Mkoani. Gari hakuna. Nikadhani bado mapema, mpaka kijana mmoja wa barazani akaniambia, "Leo hupati gari, kaka. Madereva wamegoma." Mafuta yamepanda, nauli iko palepale, na faini za barabarani juu yake.

Kwa kweli nilikasirika. Na kwa kuwa nimesoma falsafa, hasira yangu ilikuja na hoja: dereva ana ugomvi na wakubwa, mimi nimemkosea nini? Kumuumiza asiye na hatia ili kumbana mwingine, si ndilo jambo tulilofundishwa kwamba halifai hata lengo likiwa jema?

Karibu yangu alikuwa bibi mmoja na mjukuu wake. Mtoto alikuwa anahema kwa shida, anapelekwa hospitali Mkoani. Ikatokea boda moja. Bibi akaanza kupatana: kijana anataka elfu tano, bibi ana elfu tatu. Mimi nikasema, "Elfu kumi, twende." Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda mwanangu, boti haisubiri."

Nikaenda.

Kwenye boti nilipata muda mrefu wa kufikiri. Wengi wetu tunadhani Kanisa linamwambia mfanyakazi avumilie tu, thawabu yake iko mbinguni. Sivyo. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliukubali mgomo kuwa njia halali, ila iwe ya mwisho, isigeuzwe kuwa mchezo wa siasa, na huduma ambazo jamii haiwezi kuishi bila hizo zisikatike. Katekisimu, namba 2435, inakataa pia mgomo wenye vurugu.

Na migomo si mambo ya Ulaya tu. Makuli wa bandari ya Unguja waligoma Agosti 1948, mgomo ukasambaa mji mzima. Kule Tanganyika, wafanyakazi wa reli waligoma mwaka 1960 kwa siku 82. Siku 82! Fikiria mtu wa Dar aliyekuwa na mgonjwa Tabora, tegemeo lake treni.

Padre mmoja aliyesoma Roma aliniambia kwamba kule mgomo wa treni ni jambo la kawaida kama mvua ya masika. Ila Italia ina sheria ya mwaka 1990: mgomo wa usafiri utangazwe angalau siku 10 kabla, na siku za kazi treni za watu wa kwenda kazini zitembee saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 12 hadi saa 3 usiku. Yeye alijifunza kutazama tangazo kwanza, kubeba mkate, na kutokupanga safari ya mwisho ya siku. Mfanyakazi anagoma, na mgonjwa anafika hospitali. Sisi Mtambile tangazo letu lilikuwa yule kijana wa barazani.

Sasa, hoja yangu ya asubuhi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alitofautisha kinachokusudiwa na kile kinachotokea kando ya kusudi. Dereva anayegoma anazuia kazi yake mwenyewe. Hakuamka akiwa na nia ya kumuumiza mtoto wa watu. Utaniambia: lakini frateri, abiria wasipoteseka mgomo una nguvu gani? Ni kweli, na hapo sina jibu safi. Ninachoweza kusema ni kwamba usumbufu wa kuchelewa safari ni kitu kimoja, na pumzi ya mtoto ni kitu kingine. Mgomo wa haki lazima ujue tofauti hiyo.

Shida ni kwamba mimi nilikuwa nawadai madereva tofauti ambayo mwenyewe sikuiona. Mgomo ulifanya usafiri uwe haba. Nani apate ile boda moja, hilo hawakuliamua madereva. Niliamua mimi, kwa noti ya elfu kumi. Tena ningekosa boti ile, ningepanda nyingine.

Baada ya Pasaka nilirudi Mtambile nikamtafuta bibi. Nilimkuta anaanika karafuu uani, mjukuu anakimbizana na kuku. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Alikuwa ameshanisahau, ikabidi nimkumbushe, na hiyo iliniuma zaidi. Akasema siku ile jirani yake, dereva, mmoja wa waliogoma, aliwasha gari akawapeleka hadi hospitali bila kuchukua nauli. Wenzake walimsimamisha njiani, akawaonyesha mtoto, wakampisha.

Kisha bibi akaniuliza, "Na wewe boti uliiwahi?"

"Niliiwahi, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kugeuza karafuu zake.