Daftari Lisilosahihishwa: Shule ya Msingi Ilipohamia Nyumbani

Masomo ya mbali katika shule za msingi za Kenya yalianza ghafla, bila mwalimu wala mzazi kuyajua vizuri. Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini, na watoto wa shule za kutwa wakaenda nyumbani wakitarajia kurudi Jumatatu kama kawaida. Jumapili Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zote zifungwe. Za kutwa zilifunga siku iliyofuata, na za bweni zikapewa hadi Jumatano. Vitabu vingi vya kiada, ambavyo ni mali ya shule na huhifadhiwa stoo au ofisini kwa mwalimu mkuu, vilibaki huko huko. Mtoto alikuwa nyumbani na daftari alilotoka nalo Ijumaa.

Wakati huo wengi walidhani ni suala la mwezi mmoja. Likawa suala la mwaka. Julai 2020 aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea. Gredi ya 4 na Darasa la 8 walirudi tarehe 12 Oktoba, wengine wote wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Mtoto wa Gredi ya 1, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha silabi, alikaa nje ya darasa zaidi ya miezi tisa.

Ni haki kukiri kwamba serikali haikukaa kimya. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilikuwa tayari na vipindi vilivyorekodiwa, na haikuchukua muda kuvipeleka hewani kupitia Redio Taifa na idhaa ya Kiingereza ya KBC, runinga ya EDU, YouTube na hazina yake ya masomo ya mtandaoni. Ratiba ikatolewa, ikionyesha somo gani, la darasa gani, saa ngapi. Kwenye karatasi, shule ilikuwa imehamia sebuleni.

Sebule yenyewe ilikuwa imehesabiwa miezi michache tu kabla. Sensa ya 2019 ilikuta redio katika asilimia 56.9 ya nyumba za Kenya, runinga katika asilimia 40.7, intaneti katika asilimia 17.9, na kompyuta, ya mezani, ya kubebeka au kishikwambi, katika asilimia 8.8. Hizi ndizo takwimu ambazo zimekuwa zikitajwa tangu hapo kila masomo yale yanapozungumziwa, na hitimisho lake hutolewa haraka: mpango ulishindwa kwa sababu ya umaskini wa vifaa, kwa hiyo dawa ni vifaa. Mpe kila mtoto kishikwambi, sambaza umeme na intaneti hadi kijiji cha mwisho, na shule zikifungwa tena hakuna mtoto atakayeachwa nyuma.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na anayeishi mahali ambapo simu huchajiwa kwa kulipia dukani hahitaji kuambiwa. Lakini imeliruka jambo moja. Kenya ilikuwa tayari na vishikwambi. Mradi uliozaliwa na ahadi ya uchaguzi ya 2013 ulikuwa umepeleka zaidi ya vifaa milioni 1 katika shule za msingi za umma, vikilenga watoto wa madarasa ya chini kabisa. Shule zilipofungwa, kwa sehemu kubwa vilibaki vimefungiwa kabatini nyuma ya milango ya vyuma, kwa kuwa vilikuwa mali ya shule na aliyetia sahihi ya kuvipokea alikuwa mwalimu mkuu. Ni mwalimu mkuu gani angegawa vifaa vya serikali vijijini kisha aulizwe na mkaguzi viko wapi? Hofu yake ilikuwa na msingi. Kifaa kilikuwapo, ila hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukifikisha kwa mtoto.

Tazama pia upande wa pili, kwa wale ambao hawakukosa kitu. Shule za binafsi za Nairobi na Mombasa zilihamia Zoom kabla ya Aprili kwisha. Watoto walikuwa na kompyuta, intaneti, meza na kiti. Hata hivyo mtoto wa Gredi ya 2 hakukaa peke yake mbele ya kioo. Pembeni yake alikuwapo mama, au dada wa kazi, au kaka aliyefukuzwa na korona kutoka chuoni, akimfungulia sauti, akimwambia atazame mbele, akimtafutia ukurasa, akimkumbusha kwamba mwalimu amemwita yeye. Mzazi mwenye kazi ya kufanyia nyumbani aligundua kwamba saa za masomo ya mtoto ni saa zake pia. Kilichokuwa kikifanya kazi katika nyumba hizo ni mtu mzima aliyeketi karibu. Kompyuta ilikuwa na sehemu yake, lakini ilikuwa ya pili.

Watengenezaji wa redio ya shule wa zamani walilijua hili. Matangazo ya shule yana historia ndefu Kenya, na kwa miaka mingi yalitayarishwa kwa ajili ya darasa lenye mwalimu ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulifanyika mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza. Sauti ya redioni iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha jibu sahihi likasikika. Ule unyamavu mfupi ulikuwa sehemu ya somo. Na mwalimu aliyesimama karibu na redio aliweza kuona ni nani anayechezesha midomo tu bila kutoa neno. Vipindi vya 2020 vilimwondoa mtu huyo. Redio ikabaki inasema, mtoto anasikiliza, jikoni sufuria zinagongana, na hakuna wa kujua kama kilichosemwa kimeingia.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na panahitaji kukaliwa kidogo. Mtu mzima anaweza kujifunza kwa kusikiliza au kusoma peke yake, kwa sababu anajua asichokijua. Mtoto wa miaka saba hajui. Akijumlisha 27 na 15 akapata 312, kwake ni jibu kama majibu mengine: saba na tano ni kumi na mbili, mbili na moja ni tatu, kaziandika kwa mpangilio alioona unafaa. Hana sababu ya kushuku. Mpaka mwalimu apite kati ya madawati, ainame, aone 312, aulize "hii umeipataje?", kosa hilo litaendelea kuishi na litazaa mengine. Kusoma nako ni vivyo hivyo. Ni nadra mtoto kujifunza kusoma bila mtu wa kumsikiliza akisoma kwa sauti. Kazi kubwa ya mwalimu wa msingi iko katika kutazama kilichoandikwa na kusikiliza kilichotamkwa, na kazi hiyo haitangazwi hewani. Somo linalokwenda tu bila daftari kurudi ni matangazo, hata likiwa zuri namna gani.

Njia iliyokaribia kurudisha daftari ilikuwa WhatsApp, na haikubuniwa na wizara yoyote. Walimu wengi walifungua makundi ya wazazi kwa hiari yao na kwa bando walilonunua wenyewe. Asubuhi mwalimu anapiga picha ukurasa wa kitabu, anaweka zoezi, anarekodi maelezo kwa sauti. Jioni picha za madaftari zinaanza kuingia, nyingine zimepigwa gizani, nyingine zimepinda, nyingine kidole kimefunika nusu ya jibu. Mwalimu anasahihisha kwenye kioo cha simu hadi usiku. Katikati yake kuna sauti za wazazi: "Mwalimu, samahani, hapa tunajumlisha au tunazidisha?" Na jibu: "Mama Brian, mwache ajaribu mwenyewe kwanza, usimfanyie."

Sentensi hiyo ya mwisho iliandikwa mara nyingi mno mwaka ule. Daftari lililorudi kwa simu mara nyingi lilikuwa safi kupita kiasi. Mtoto aliyekuwa akipata tano kwa kumi darasani alianza kupata kumi kwa kumi, na mwandiko wa baadhi ya majibu ulikuwa wa mtu aliyemaliza kidato cha nne zamani. Mzazi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amechoka, aliona aibu mbele ya wazazi wenzake wa kundi, na hakuna aliyemfundisha kwamba kosa la mtoto ndilo mwalimu alilokuwa akilitafuta.

Tena hao ndio waliokuwa kundini. Simu janja ya nyumba nyingi ilikuwa moja, ya baba au ya mama, na iliondoka naye alfajiri kwenda kibaruani au sokoni na kurudi karibu na saa ya kafyu ya korona. Watoto watatu wa madarasa matatu waliigombea kati ya chakula na usingizi. Palipokuwa na simu ndogo ya kabambe tu, palikuwa na ujumbe mfupi na hakuna picha. Watoto wengine walipelekwa ushago kwa nyanya kabla Nairobi haijafungiwa watu kutoka na kuingia, na nyanya, pamoja na hekima yake yote, hakuweza kueleza hesabu za sehemu kwa Kiingereza. Sera inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini redio ya taifa haiwezi kusema lugha ya kila eneo, hivyo mtoto wa kijijini alisikia somo kwa lugha ambayo mwalimu wake wa kawaida angemfasiria.

Walimu wenyewe hawakuwa katika hali moja. Walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, waliendelea kupata mshahara. Wa shule za binafsi, ambazo hutegemea karo, waliachishwa kazi kwa wingi. Baadhi waliuza mboga, wengine waliendesha bodaboda, na huko Mwea shule moja iligeuza madarasa kuwa vyumba vya kuku, habari iliyosambaa hadi nje ya nchi. Yalisemwa maneno makali kuhusu walimu wa umma kulipwa wakiwa nyumbani. Lawama hiyo haikuwa ya haki: mwajiri hakuwa amewapa kazi ya kufanya, na waliojitungia kazi, kwa makundi ya simu au kwa kuzungusha karatasi za mazoezi nyumba kwa nyumba, walifanya hivyo kwa gharama yao.

Katikati ya mwaka serikali yenyewe ilifikia wazo lililo karibu na ukweli. Mwalimu angekutana na watoto wa mtaa alimo, wa madarasa yoyote, katika vikundi vidogo, chini ya mti au uwanjani. Mpango huo wa masomo ya kijamii ulipingwa mahakamani na Mahakama Kuu ikausimamisha Septemba kabla haujashika mizizi. Hofu ya ugonjwa haikuwa ya kupuuzwa, na mpango ulikuja bila maji, barakoa wala maelezo ya nani angelaumiwa mtoto akiugua. Hata hivyo katika yote yaliyobuniwa na serikali mwaka ule, huo pekee ulimrudisha mtu wa kulitazama daftari. Ungeandaliwa Aprili kwa uangalifu, badala ya kuharakishwa Agosti, huenda hadithi ingekuwa nyingine. Wenye uwezo, kwa upande wao, hawakungoja mahakama: waliita mwalimu jirani, wakamlipa, watoto wanne au watano wakakaa mezani. Masomo ya kijamii yalifanyika, ila kwa waliolipa.

Majirani walipita njia tofauti. Tanzania ilifunga tarehe 17 Machi na kufungua shule za msingi tarehe 29 Juni, hivyo redio na runinga za TBC hazikupewa muda wa kupimwa vya kutosha. Burundi haikufunga. Uganda ilifunga Machi 2020 na shule zake hazikufunguka kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Huko vilichapishwa vijitabu vya kujisomea na kugawiwa kupitia viongozi wa mitaa, lakini navyo havikuwa na njia ya kurudi kwa mwalimu.

Shule za Kenya zilipofunguliwa, hasara ilihesabiwa kwa wiki. Kalenda ikabanwa, mihula minne ikaingizwa katika mwaka mmoja, na walimu wakaambiwa wakimbie na silabasi mpaka ratiba irudi mahali pake, jambo lililofanyika Januari 2023. Mtoto aliyesahau kusoma alikutana na mwalimu aliyekatazwa kurudi nyuma. Na tatizo halikuwa jipya: tathmini za mpango wa Uwezo, zilizofanyika majumbani kuanzia 2009, zilikuwa zimeonyesha kwa miaka kwamba takriban watoto watatu tu kwa kila kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Kilichotakiwa 2021 kilikuwa wiki chache za kumsikiliza kila mtoto akisoma, kabla ya kufungua ukurasa mpya.

Milango ya shule ilibaki imefungwa tena. Aprili 2024 mafuriko yalisogeza ufunguzi wa muhula wa pili kwa wiki moja, kisha kwa muda usiojulikana, hadi zilipofunguliwa tarehe 13 Mei. Mjadala wote ulikuwa juu ya tarehe, barabara na vyoo vilivyosombwa. Hakuna mwalimu aliyekuwa na orodha ya watoto wa mtaa wake, wala maagizo ya kuwafuata, na makundi ya WhatsApp ya 2020 yalikuwa yamebaki ya matangazo ya karo na sare.